Plagi Nyeupe za Gari la Baba

Mnisamehe mwandiko, na herufi nitakazoziruka. Niliishia darasa la saba na mkono wangu huenda polepole. Lakini harufu ya petroli iliyochanganyika na pumba za mpunga naitambua upesi kuliko herufi yoyote. Ndiyo harufu ya uani kwetu Katindiuka, masika yale nilipokuwa mdogo, baba aliponunua gari lenye nyuma ndefu ili mpunga wetu utoke shambani Mofu kabla maji hayajafunga njia. Mwaka uliotangulia mama aliubeba kichwani kutoka shambani mpaka barabarani, shingo ikawa haigeuki, na mwingine ukabaki majini. Baba aliapa kwamba mama hatabeba tena.

Gari lilikuwa na tabo, yaani feni inayoishindilia injini hewa ili iwe na nguvu kuliko umbo lake. Likipata mzigo lilikohoa na kukatakata. Jirani yetu, fundi Salumu, alizifungua plagi, akasema zimekwisha. Injini ya tabo huchemka sana ndani, alieleza, kwa hiyo inataka plagi baridi, zile zinazoachia joto upesi. Na mwanya wa cheche uwe mdogo, maana ile hewa huzima cheche kama upepo unavyozima koroboi. Ifakara hazikuwapo. Ziagizwe Morogoro, tusubiri. Dukani tulipata plagi moto tu, za magari ya kawaida.

"Masika haya, Salumu, unaniambia plagi baridi?" baba akacheka. "Mpunga wenyewe haukauki!"

"Kaka, sisemi mvua, nasema ndani ya injini. Mgonjwa wa homa utamvisha koti?"

"Mchagua jembe si mkulima. Funga hizo hizo."

Fundi aliyatazama mawingu ya upande wa Mofu, akazifunga.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Baba aliporudi alizifungua plagi mwenyewe, akazikuta nyeupe pe. Kwetu mchele hupimwa kwa weupe, na baba alikuwa amekulia kwenye mashine za kukoboa. Aliziweka kiganjani kama anayempelekea mnunuzi sampuli.

"Ona, Mama Rehema! Daraja la kwanza!"

Mama alikuwa akipepeta, hakuinua hata macho. "Hata majivu ni meupe, Baba Rehema."

Safari ya pili tulikwenda wote. Tulipoanza kurudi na magunia, injini iligonga kama mchi kwenye kinu kitupu, ikatoa moshi, ikanyamaza. Ule weupe ulikuwa joto lililozidi, na pistoni ilikuwa imetoboka. Mvua ikaanza. Mama alishuka, akasokota kanga kuwa kata ya kichwani, akapunguza mpunga wa gunia moja akautia kwenye kiroba, akajitwika kuelekea nyumba za juu. Baba alitwaa kiroba kingine, akamfuata nyuma bila kumtazama. Waliendelea hivyo mpaka maji yakawazuia. Tuliporudi maji yalipopungua, mpunga uliobaki ulikuwa umechipua ndani ya gari, majani yamegusa vioo.

Baba alikwenda kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, na huko amezeekea. Mimi nauza vipuri Viwanja Sitini, hapa hapa Ifakara. Siku hizi lami ipo, bajaji za mizigo zinabeba mpunga, na plagi baridi zimejaa rafuni, hakuna anayezisubiri. Ila shingo ya mama haigeuki mpaka leo. Ukimwita lazima ageuke mwili mzima.

Juzi baba alipiga simu. Miwa imemchosha, amepata pistoni, anataka kulifufua gari kabla ya mavuno, nimchagulie plagi. Nimetenga za baridi, lakini zina ngazi za ubaridi, na sijui kwa mzigo wa mpunga nishuke ngazi moja au zaidi. Mama amesikia, akaitafuta kata yake. Fundi Salumu anasema plagi yenye afya hutoka na rangi ya pumba, si ya mchele. Ninyi mnaobeba mizigo kwa magari ya tabo, niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu: zenu zinatoka na rangi gani?