Niliacha nyumba ya tailizi "Ulaya" nikanunua Kasense. Wanaocheka wacheke

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Leo nimesema hapana, hili lazima nilimwage humu. Naandika kama lilivyotokea, siongezi chumvi. Anayedhani ni chai aje Kasense, aulizie nyumba isiyo na plasta yenye mama mkali, ataletwa hadi mlangoni.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mfipa wa Mollo, mtoto wa mkulima, nauza spea za pikipiki hapa Sumbawanga mjini. Wife ni mwalimu, Mnyakyusa kutoka Mbeya. Tuna binti mmoja, Neema.

Baba yangu alishafariki. Mama alibaki Mollo peke yake. Msimu wa mvua uliopita aliteleza uani akavunjika mkono, akakaa pale chini kwenye tope tangu asubuhi mpaka jirani alipopita mchana akamwona.

Nilipopigiwa simu nililia wakuu. Dukani, mbele ya wateja, mwanaume na ndevu zangu.

Nikamfuata. Nikamwambia mama, mkono ukipona unakuja kukaa na sisi, basi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Baba, nikakae kwenye chumba cha kupanga nifanye nini? Nihesabu mabati?"

Nikamwambia basi nanunua nyumba. Akacheka tu.

Hivyo ndivyo safari ya kutafuta nyumba ilivyoanza. Hebu likumbukeni hilo, kwa sababu mwenzenu nililisahau ndani ya wiki mbili.

Tukapata nyumba mbili zenye bei moja. Moja iko Kasense. Nyingine iko mtaa wa jirani, ambao watu kwa utani wanauita Ulaya. Katikati kuna barabara ya vumbi na mstari wa mikaratusi, ukirusha jiwe linafika.

Nyumba ya Ulaya, aisee! Tailizi mpaka barazani, jipsam yenye taa za rangi, geti la kusukuma, uwanja wote umepigwa pavingi. Vyoo vya ndani viwili.

Ya Kasense ilikuwa matofali ya kuchoma tu. Plasta hakuna, siling'i hakuna. Nyuma kuna eneo kubwa limejaa nyasi zinafika kiunoni. Dalali mwenyewe alikuwa anaonyesha huku anaona aibu.

Mimi nikawa nimeshaamua. Ulaya!

Tena niseme ukweli, nilikuwa naota. Nilikuwa najiona nasukuma lile geti jioni, majirani wanasema huyu ni yule mtoto wa Mollo aliyekuwa anakuja shule na kandambili za rangi mbili. Mshikaji wangu Ipyana, mtumishi wa serikali, anakaa hukohuko Ulaya, akawa ananijaza upepo kila siku. "Mzee, hamia huku tuishi kama watu."

Nikampigia dalali, tukapanga siku ya kuandikishana.

Wife ndiye aliyesema, "Baba Neema, mama hajaiona."

Nikasema atashangaa akiiona. Nikamleta.

Mama alivua viatu getini. Nikamwambia mama usivue, akakataa. Akaingia, akazungushwa vyumba vyote, kila chumba anasema "nzuri, nzuri." Akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba wake mapajani. Mnajua mtu anavyokaa akisubiri kuitwa na daktari? Ndivyo alivyokaa.

Halafu akaniuliza, "Baba, nikitoka nje asubuhi, naenda wapi?"

Nikaangalia nje. Pavingi na ukuta. Nikamjibu eti utakaa barazani upigwe na jua. Jibu la kijinga, hata mimi nililisikia.

Tukatoka. Wife akasema kwa kuwa tupo karibu, tumpitishe na Kasense aone. Nilikasirika kidogo lakini tukaenda.

Kasense mama hakuingia hata ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Tulipomfuata tukamkuta ameinama, ameng'oa shina la nyasi na udongo wake, anauvunjavunja kwa vidole. Upande wa pili wa ua wa minyaa kulikuwa na mama mmoja wa makamo. Wakaanza kusalimiana kwa Kifipa, salamu zile zetu za kuulizana mpaka kuku. Mimi na dalali tukasimama pale robo saa tunaangaliana.

Njiani kurudi nikamuuliza, mama, umependa ipi? Akasema, "Nyumba ni yako baba. Mimi nina yangu Mollo."

Yaani hakutoa ahadi hata ya kidole.

Jioni tukagombana na wife. Mimi nasema Ulaya, kwani mama mwenyewe si ameiita nzuri? Ndipo wife akaniambia maneno ambayo sitayasahau, "Wewe unanunua nyumba ya Ipyana kuja kuangalia mpira, au ya mama yako kuishi?"

Wakuu, niliumia. Niliumia kwa sababu ni kweli. Na aliyesema ni mtu ambaye alikuwa anakitaka kile choo cha ndani kuliko mimi. Huyu mwanamke nikimsifia humu mtasema nimelishwa limbwata, acheni niseme tu kwamba najivunia.

Tukanunua Kasense.

Ipyana alinicheka mpaka akakaa chini. Kwenye group la WhatsApp nikabatizwa jina, Bwana Shamba. Mtu akiuliza spea, wanamwambia Bwana Shamba yupo porini, mtandao haushiki.

Tukahamia Januari, mvua zinamwagika, bila siling'i, mvua ikipiga bati hamsikilizani. Na mama hajakubali kuja. Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Nikisema nimekosa Ulaya na mama pia nimemkosa, si nitakuwa nimepata hasara ya kila kitu?

Mwishoni mwa Februari akaja. Kimkoba kidogo, nguo mbili na rozari. Kabla hata hajakaa akasema, "Nimekuja wiki mbili kumsalimia mjukuu."

Wiki ya kwanza kila asubuhi anauliza bodaboda za kwenda Mollo ni bei gani siku hizi. Namtajia bei, basi. Simwombi abaki, namjua, ukimbembeleza ndiyo anaondoka mapema.

Jumamosi ya pili nikafunga duka mapema. Naingia uani, wife ananipokea analalamika, "Mwangalie mama yako! Mkono wenyewe ulishavunjika, nimemwambia apumzike hasikii, ameniharibia nyuma kote."

Nikazunguka nyuma.

Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ameshika jembe. Zile nyasi zote amezifyeka, anazigeuza na udongo juu, anakusanya matuta ya duara. Alishamaliza manne. Yule jirani wa kwenye minyaa alikuwa kwenye la tano, na yeye ana jembe lake.

Wakuu, nikasimama palepale.

Kwa wasiokijua kilimo chetu cha Ufipa niwaeleze. Haya matuta kwa Kifipa tunayaita intumba. Unayapiga mvua zikielekea mwishoni. Unazika nyasi ndani zioze, juu unapanda maharage. Kiangazi chote yanakaa hivyohivyo. Mvua za mwaka mwingine zikianza ndipo unayabomoa, unasambaza ule udongo uliorutubika, unamwaga ulezi. Halafu usubiri ulezi ukomae uuvune.

Ni kazi ya zaidi ya mwaka. Hakuna Mfipa anayepiga tuta mahali ambapo msimu ujao hatakuwepo. Hakuna! Hayupo! Huwezi kuvunja mgongo kuzika nyasi ili mtu mwingine aje kuvuna.

Wife alikuwa haelewi kwa nini nimesimama machozi yananitoka mbele ya mafungu ya nyasi. Nikamwambia wife, mama hafanyi uharibifu, mama amehamia.

Sikumuuliza mama chochote. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikachukua jembe la akiba, nikaanza tuta langu pembeni yake. Miaka mingi sijashika jembe. Nikafukuafukua pale, nikapata katuta fulani.

Mama akasimama, akakaangalia. Akamtazama jirani, akanitazama mimi.

"Baba," akasema, "mbona unalima kama mpangaji? Liongeze. Hapa ni kwetu."

Nililiongeza wakuu. Mikono ilitoka malengelenge. Nimepiga picha nimeweka kwenye group, na yule Ipyana ameijibu kwa emoji tu.

Sasa nilichojifunza. Ukienda kutafuta nyumba, kabla ya kuangalia tailizi na geti, mtaje kwa jina mtu unayemnunulia, halafu umpeleke. Na ukimpeleka usimsikilize anaposema nzuri, wazee wetu watasema nzuri hata ukiwaonyesha banda. Angalia miguu yake inaelekea wapi.

Mimi ni Bwana Shamba, nakaa Kasense, plasta bado, na mama yangu yupo nyuma anapalilia maharage.

Mliowahi kumhamishia mzazi mjini akagoma, semeni mlifanyaje, wengine humu wanahitaji. Na anayetaka kuja kunicheka, njia ipo wazi, ila aje na jembe lake, maana ya kwetu yote yana kazi.