Hina ya Bibi Kutoka Chang'ombe Hadi Mwenge

Ndugu zangu wa Kilwa, kila mmoja wenu amenipigia kuniuliza kwa nini nilimbeba bibi juani kutoka Chang'ombe mpaka Mwenge, wakati daktari wake anaonekana kwenye simu. Nawaandikia mara moja wote, maana nimechoka kusimulia, na miguu yangu mie mwenyewe bado inawaka.

Sababu ya safari ilikuwa kandambili. Asubuhi hiyo nafagia uani, nikaona kandambili ya bibi ya mguu wa kulia ina damu iliyogandia, pale kinapokaa kidole gumba. Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele, hana habari. Nikamwuliza kajikwaa wapi, akasema hajajikwaa. Nikamwuliza kinauma, akasema hakiumi. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu bibi ana sukari ya miaka mingi, na mwenye sukari akitoka damu asiisikie, mguu unaweza kuoza ukakatwa.

Kabla sijaondoka niwaeleze ya simu. Siku chache nyuma daktari alikuwa amempigia simu ya video, akasema simu ijayo ataangalia na miguu. Bibi akahangaika. Miguu imepauka, magaga yamejaa, ataionyeshaje kwa kijana wa watu? Akamwita jirani yetu Mama Shani, akapakwa hina vidole vyote na nyayo, ikarudiwa mpaka ikakoza ikawa nyeusi. Siku ya simu alivaa doti mpya, ubani umefukizwa chumbani kana kwamba daktari atasikia harufu. Daktari akaamkia, akauliza habari. Bibi akajibu nzuri, alhamdulillahi, kisha akamwuliza yeye habari za mama yake, za watoto, za mvua huko aliko. Mie nikashusha simu miguuni. Daktari akaisifia hina, akasema miguu inapendeza. Bibi alitembea na sifa ile mtaa mzima.

Saa tatu tulitoka na bajaji ya Sele, kijana wa mtaani kwetu. Bibi alikuwa amenuna. Alitaka nipige simu tu, daktari aangalie kidole, yaishe. Nilikuwa nimepiga, nesi wa kliniki yao ya Mwenge akasema aletwe leo leo. Sele alipoiona ile miguu akamtania kwamba leo anapeleka bi harusi.

"Bi harusi gani asiye na meno," bibi akasema. "Endesha, baba, jua linapanda."

Ilala Boma foleni ilitushika. Mnanijua, mie napendaga kujifanya niko safari ya mbali. Nikiona lori la mizigo nasema hilo linakwenda Kongo nami nimo. Siku hiyo nilijaribu, haikuja. Moshi wa malori ulikuwa unaingia bajaji yote, bibi kajifunika mtandio puani, mguu wake nimeuweka pajani kwangu nimeufunga kitambaa. Kila tukiruka shimo namtazama usoni kama ataumia. Haumii. Natamani aumie, halafu nalionea aibu hilo wazo.

Magomeni tulisimama kununua maji. Kwenye makutano ya Morocco tulisimama bila kununua kitu, magari yamekataa tu. Bibi akaniambia simu haina foleni. Kwa kweli nami niliipenda simu. Siku ya simu huwa napika, nafua, na daktari kaonwa.

Mwenge tulifika adhuhuri. Kliniki iko nyuma ya wachonga vinyago, vumbi la mpingo linaingia mpaka kwenye benchi za kungojea. Tulikaa mpaka makalio yakafa ganzi. Bibi akasinzia begani kwangu, mie nahesabu twiga wa mbao waliopangwa nje na kuwaza tungekuwa na mmoja mkubwa wa kumpanda turudi naye.

Alasiri tuliitwa. Daktari ni kijana mwembamba, mpole, sura ile ile ya kwenye simu ila mrefu kuliko nilivyodhani. Akaamkia shikamoo, bibi akaitikia, akaanza kumwuliza habari za mama yake. Daktari akajibu zote huku anafungua kitambaa. Kisha akamwomba bibi afumbe macho, akachukua kiuzi kigumu kama mshipi wa kuvulia samaki. Akamwambia kila akisikia kaguswa nyayo aseme ndiyo.

Bibi akafumba. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Mie nilikuwa natazama: kile kiuzi kilikuwa hewani, hakijamgusa. Kilipomgusa kidoleni mpaka kikapinda, alinyamaza.

"Bibi," daktari akauliza polepole, "unasikia kweli?"

"Nakuitikia tu, baba. Umehangaika sana, nisikuvunje moyo."

Daktari akavuta kiti karibu. Akaosha kile kidole, akakiinua kwenye taa, akakibonyeza. Chini, palipokoza zaidi, hapakuwa na hina peke yake. Palikuwa na kidonda kilichochimba, na ngozi ya pembeni imekufa nyeusi, rangi moja na hina. Usaha ukatoka. Harufu yake nayo ilikuwa pale, na ubani haukuwepo wa kuifunika.

"Bibi, kwenye simu niliisifia hii," akasema. "Kumbe nilikuwa nasifia kidonda."

Nikamwuliza kama kidole kitakatwa. Akasema amekiwahi, ila tungekawia kidogo maongezi yangekuwa ya mguu. Akakata ile ngozi iliyokufa, bibi anamtazama kama anayetazama mtu akimenya muhogo. Mie ndiye niliyelia.

Jioni tulirudi na Sele yule yule. Hakutania. Bibi alilala njia nzima.

Tangu siku hiyo tumekwenda Mwenge kusafishwa kidonda mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nimechoka na Morocco, nimechoka na lile benchi. Kidole kipo. Simu nayo hatukuitupa, namba za sukari tunamtumia daktari kila asubuhi na anatujibu vizuri. Lakini nilichojifunza ni kwamba bibi yetu akipigiwa simu anakaribisha mgeni, na mgeni haonyeshwi palipooza. Ni lazima mtu aje akae karibu, amshike.

Juzi, Idi inakaribia, Mama Shani alikuja na bakuli la hina. Bibi akanyoosha mikono yote miwili. Mama Shani alipomaliza vidole akasogea miguuni, bibi akaikunja chini ya kanga.

"Mikono inatosha," akamwambia. "Miguu ni ya daktari."