Nilimwita Mume Wangu Mchafu Mbele ya Wanafunzi Wake

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjaniuliza. Msinitafutie sababu. Nimelia mpaka machozi yamekauka, sasa naongea tu kama mtu anayesoma tangazo.

Mume wangu, nimwite Baba Nasra ingawa siyo jina lake, ni mwalimu huko Chole, Kisarawe. Mimi naishi Visiga na watoto. Alikuwa anakuja Ijumaa, Jumapili anarudi kazini.

Mwaka jana fangasi wakanianza, wale wa sehemu za siri. Muwasho jamani! Ofisini nakaa upande upande. Nikanunua dawa dukani, wakaondoka, wiki ya pili wakarudi. Halafu nikaona kitu: kila Jumatatu, Baba Nasra akishaondoka, hali inakuwa mbaya zaidi. Haa! Kumbe ananiletea huyu!

Sikuwaza kwamba Ijumaa ndiyo siku ninayopika tambi za sukari, vitumbua na maji ya ubuyu jagi zima, kumpokea mume. Yeye anaonja vijiko viwili, hana habari na vitamu. Vinavyobaki namaliza mimi, na soda juu.

Mwenyewe aliniambia. "Mama Nasra, unakunywa maji mno, na umekonda. Marehemu mama yako alikuwa na sukari. Nenda kapime."

"Usinizungushe! Sukari ndiyo inawasha huko?"

Kuna mwalimu mwenzake, mjane, nyumba zao zimepakana. Nikaamua ni huyo. Jumanne moja nikaaga ofisini kwamba naumwa, nikaenda mpaka Chole. Nilifika saa nne, watoto wako uwanjani na vikombe vya uji. Sikusalimia mtu.

"Mwalimu wenu huyu mchafu! Ameniambukiza ugonjwa, ameutoa kwa yule pale!"

Yule mama aliinama, akaingia darasani. Baba Nasra alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, akanilipia nauli. Jioni akapiga simu. "Nimekuacha. Talaka moja."

Nikaanza eda. Mwezi wa kwanza wa eda nikazidiwa, nikaenda zahanati. Nesi akanitoboa kidole, akatazama kipimo, kisha akanitazama mimi.

"Dada, sukari yako iko juu sana. Kwa hali hii fangasi hawatakuacha, hata umeze dawa za duka zima."

Nikamuuliza kama si mume aliyeniletea. Akasema mara nyingi wala siyo mume, ningekwenda mapema.

Mnaelewa? Talaka moja, eda haijaisha. Angeweza kunirejea kwa neno tu, bila kufunga ndoa upya. Nilitakiwa kupiga simu niseme nimekosa. Nikaandika ujumbe, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nilisema aanze yeye, si ndiye mwanaume! Miezi miwili, ujinga huo!

Eda iliisha Alhamisi. Ijumaa akaja kuwaona watoto, akabisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nikampa kadi ya kliniki. Aliisoma pande zote mbili, akanirudishia.

"Umejua lini?"

"Mwezi wa kwanza wa eda."

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Si tunaweza kufunga ndoa upya?"

"Inawezekana. Ila miezi mitatu nimekaa naangalia simu, Mama Nasra. Nimechoka. Na darasani bado wananicheka."

Akawabusu watoto, akaenda zake. Yule mwalimu mjane sijamwomba radhi mpaka leo. Sina uso wa kurudi Chole.

Dada zangu, muwasho ukirudi rudi, nendeni hospitali mkapime, na sukari mpime, kabla hamjapanda gari kwenda kumtukana mtu. Na mkigundua mmekosea, semeni siku hiyo hiyo. Msisubiri kuanzwa!

Sasa natumia dawa, soda nimeacha, sukari imeshuka. Ijumaa napika dona na mchicha, tunakula na watoto saa moja, tunaosha vyombo. Muwasho umeisha kabisa. Nimepona, na aliyekuwa ananihimiza nikapime hayupo nimwambie.