Titi Moja, Damu Mbili

Dada yangu alizaa asubuhi pale hospitali ya Koboko, na damu ikakataa kusimama. Saa nne ndani ya macho yake hakuna rangi tena. Daktari akasema dawa imesimamisha damu, lakini ile imemwagika iko mingi, lazima aongezewe. Aina ya damu yake imeisha kwa friji. Itatoka Arua na gari.

Mimi nilishakunja mkono ya shati, nikamwambia nesi. "Sista, chukua yangu. Sisi tumenyonya titi moja. Damu iko moja."

Nesi iko mama mmoja mnene, amechoka kuliko sisi wote. "Titi moja, sawa. Kwanza tupime."

"Unapima nini na mtu anakufa?"

Mimi nimejifunza kila kitu kwa simu. Kuchomelea vyuma, kutengeneza redio, hakuna mtu alinifundisha. Kwa hiyo nilijua. Nikamwambia kama kazi imemshinda arudi kijijini kwao Lurujo akalime muhogo. Watu wa wodi wakacheka. Yeye akachoma kidole yangu, akaenda na matone yake.

Akarudi. "Yako iko B. Ya dada yako iko A. Nikimwekea hii, mimi ndiyo nimemuua."

Anti yetu, dada ya baba, alikuwa kwa benchi karibu na mlango. Akashika mdomo. "Mimi nilisemaga. Mama yao alikaaga Congo na biashara yake mwaka mzima."

Mama yetu amekufa kitambo. Hawezi kujibu, basi nikajibu mimi, na maneno ile mpaka leo sijaomba msamaha. Nesi akanivuta na shati.

"Anti, baba anampa mtoto kipande, mama anampa kipande. Hata tumbo moja na baba mmoja, damu inaweza kuachana. Mimi na ndugu zangu iko hivyo. Sasa kaeni, mgonjwa anasikia."

Tukakaa. Drip ya maji inashuka, sisi tunaangalia barabara.

Gari ikafika saa saba na boksi ya barafu. Nesi hakukimbia. Akasoma mfuko, akasoma karatasi ya kitanda, akauliza dada yangu jina yake, akaita mwenzake asome yote tena.  Halafu akafungulia damu, akavuta kiti, akakaa pale pale, anapima joto, anauliza kama mgongo unauma, anaangalia matone.

Jioni dada yangu akafungua macho. "Ndugu yangu, hii iko yako?"

Anti bado iko kwa mlango, anasikiliza. Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Iko ya mtu wa Arua, simjui. Yangu ingekuua."

Akafunga macho tena. "Wewe tangu utoto unataka kuniua," akasema polepole.

Nikaweka kichwa yangu kwa godoro, karibu na mkono yake.