Kikombe Alichokiweka Faraj

Shemeji yangu Faraj, mume wa dada yangu, alikuwa mkaidi wa kuzaliwa, ila ukaidi wake aliufunika kwa adabu. Miaka ishirini na sita tulihudumu pamoja kwenye baraza la Sheikh, mtawala wetu, yeye akikaanga buni, mimi nikizungusha vikombe. Hakuwahi kuomba kitu. Mpaka mwanawe Khalaf, mwalimu, alipotia saini barua ya kutaka wananchi waulizwe pesa za mafuta zitumikeje. Wakamfunga.

"Kesho sikai mekoni," Faraj akaniambia. "Naingia kama mgeni. Kikombe nitakiweka chini."

Nikashika kichwa. Kwetu, mgeni akiweka kikombe chini bila kunywa, ana haja, na kumwacha hivyo ni aibu ya mwenye nyumba. Baba yake Sheikh aliwahi kuwekewa vikombe na matajiri wa lulu kwa ajili ya kodi. Aliifuta siku ile ile. Wangehama na lulu zao, naye angekula nini?

"Hayo yalikuwa ya lulu, Shemeji," nikamwambia. "Huyu analishwa na visima vya mafuta. Yeye anakula kwetu? Si sisi ndio tunakula kwake!"

"Heshima ni heshima."

"Haya bwana. Sikio la kufa hilo."

Asubuhi akaja na joho lake la Idi, akaketi. Nilimmiminia mwenyewe. Akakiweka kikombe zuliani.

"Kunywa, Baba Khalaf," Sheikh akasema.

"Mungu akupe umri mrefu. Sinywi mpaka nipewe mwanangu."

Sheikh hakukasirika. Laiti angekasirika! "Kwani bado mnakaa ile nyumba ya udongo? Mwandikieni nyumba mtaa mpya. Na mkewe macho yanamsumbua, apelekwe Ulaya akatibiwe."

"Namtaka Khalaf, si nyumba."

Wana wa wale wale matajiri wa lulu walikuwa wamekaa pale, kila mmoja akivizia kandarasi yake ya barabara au ya bandari. Hakuna aliyefungua mdomo. Sheikh akainama, akakichukua kikombe, akakimaliza kwa funda moja.

"Haya, kimeshanywewa. Aibu imekwisha."

Baraza zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Wallahi nilicheka, birika mkononi, na Faraj akaniona.

Sasa tunakaa mtaa mpya, maana nami niliandikiwa nyumba, na milango yetu inatazamana. Kila chumba kina feni, maji ni ya bomba. Dada yangu macho yamepona, anatunga uzi sindanoni mwenyewe. Khalaf bado yuko ndani.

Kila Ijumaa nikienda kula kwao, dada ananiuliza, "Hivi kaka, siku ile watu walisemaje barazani?"

"Walisikitika," namwambia. "Walisikitika sana."

Faraj amekaa pale pale kwenye sinia, anasikia, anaendelea kula wali wake.