Vijua vya Mgeta

Mjomba alinipigia simu Alhamisi. "Jumatatu tunalima ule mteremko wa juu, tupande kabichi. Njoo unioneshe kaburi la mama yako tuliache. Mlipomzika mimi nilikuwa Dar." Msalaba wa mti ulishaoza siku nyingi. Wakati ule nilikuwa na miaka minane, na nilichokumbuka ni kitu kimoja tu: bibi alipanda juu ya kaburi yale maua meupe yenye moyo wa njano, ambayo mama aliyaita vijua. Vitabuni yanaitwa deizi. Mimi sijawahi kuyaita hivyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi niliondoka mjini, pale Mafiga, kwa lori linalokwenda Mgeta kupakia mboga. Mimi ni mwoga wa milima, nisidanganye mtu. Tulipoanza kupanda, tairi likateleza kwenye tope upande wa bonde, nikamkamata dereva mkono.

"Dada, niachie, tutakufa kweli!" akacheka. Mimi nilikuwa nasali.

Saa saba mchana nilishuka, nikamwamkia mjomba shikamoo, tukashika njia ya miguu. Ukungu ulikuwa mzito. Kwenye ukingo nilitambaa kwa mikono na magoti, gauni zima matope.

"Mjomba, vijua bado vipo huko juu?"

"Vijua ndiyo nini?"

Nikaingiwa na baridi. Neno hilo tulikuwa nalo watu watatu: mama, bibi na mimi. Nimebaki peke yangu.

Tulipofika, ukungu ukaachia kidogo. Mungu wangu! Vijua vilikuwa vimejaa mteremko mzima, kuanzia juu mpaka kijitoni. Miaka yote hiyo vilikuwa vinazaana. Nilitafuta tuta, jiwe, chochote.

"Haya, mwanangu. Ni wapi?"

Ningeanzaje kumwambia silijui kaburi la mama yangu mzazi? Nikanyoosha kidole pale vilipokuwa vimesongamana zaidi. Mjomba akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akapazungushia mawe.

Jumapili nilirudi mjini. Bonde lilinipita sikuliona. Kumbe nilikuwa nimeogopa zaidi kusema sijui kuliko kufa.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikapiga simu.

"Mjomba, simamisha majembe! Nilibahatisha tu. Sijui mama alipo."

Nilisikia majembe yakigonga udongo, halafu yakanyamaza.

"Mbona hukusema, mwanangu? Tumeshafika nusu."