Tarehe za Vita

Mwalimu wetu wa historia pale Umuahia alivifundisha vita vya Biafra, vya kujitenga na Nigeria, kwa tarehe tatu: kuanguka kwa Enugu, kwa Port Harcourt, kisha kwa mji wetu wenyewe. Alifuta ubao kwa kiganja, na sauti yake haikupanda wala kushuka, utadhani anaita majina ya mahudhurio. Siku moja mwenzetu Ugonma akamuuliza, "Mwalimu, kwenu nyumbani mlijua lini kwamba vita vimetushinda?"

Aliiweka chaki mezani. "Siku mama alipoacha kumpakulia chakula kaka yangu aliyekwenda vitani. Agosti, sitini na nane."

"Tuandike, mwalimu?"

"Andikeni," alisema. "Ila kwenye mtihani haitokei."